Ukiitaka kadi ya maili, anza na deni la kwenye simu

Swali la namna ya kupata kadi za maili, yaani kadi za mkopo zinazokupa pointi za kulipia tiketi za ndege, sasa linafika hata kwenye madawati ya mikopo hapa Mtwara. Anayeuliza ametazama video za watu wa Marekani wanaopanda ndege kwa pointi za kadi, naye ana sababu zake. Anafuata mzigo Kariakoo kila mara, pengine na Guangzhou kule China, au ana ndugu Dar na amechoka kukaa kwenye basi kilometa zaidi ya 500. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipokata barabara pale Somanga, wengi walitambua kwamba tiketi ya ndege si anasa ya wakubwa peke yao. Shida inaanza tunapofungua taarifa zake za mikopo na kukuta deni dogo limelala humo, mwenyewe alishalisahau.

Tuanze na kadi yenyewe. Kadi ya ATM inatoa hela yako. Kadi ya mkopo inatoa hela ya benki hadi kiwango ulichowekewa, na mwisho wa mwezi unaletewa hesabu. Ukilipa yote kabla ya tarehe ya mwisho, manunuzi yale hayatozwi riba. Ukilipa kile kiwango cha chini tu, salio linaanza kuzaa riba. Pointi hupatikana kwa kila unachonunua, kisha hubadilishwa kuwa maili, yaani pointi za shirika la ndege, au punguzo la tiketi. Wala si sadaka: zinalipiwa na makato ya wauza maduka, ada za kadi, na riba ya wale wasiomaliza deni.

Chukulia kadi inatoza riba ya asilimia 24 kwa mwaka na inakurudishia pointi zenye thamani ya asilimia moja ya matumizi. Umenunua bidhaa za Sh 1,000,000. Pointi zako ni Sh 10,000. Ukiacha deni lote likalala mwezi mmoja, riba ni kama Sh 20,000. Ndani ya mwezi huo huo umeshazilipia pointi zako mara mbili ya bei yake, na mwezi wa pili pointi haziongezeki ila riba inaongezeka. Ndiyo maana mtu ambaye bado anapambana na marejesho hatumpi ushauri wa kutafuta kadi hizi, hata kama benki ingekubali kumpa. Na usithubutu kuitumia kadi ya mkopo kuchukua hela taslimu ATM: kwa kawaida riba huanza siku ile ile, juu yake kuna ada, na pointi hupati.

Sasa hilo deni lililolala. Chini ya kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012, benki hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata, na taasisi zenye leseni, zikiwemo Creditinfo na Dun & Bradstreet, huzichakata kuwa ripoti. Afisa mikopo anaisoma ripoti hiyo kabla hajakusikiliza sana. Mkopo wa simu wa Sh 30,000 ambao benki iko nyuma yake unaweza kukaa humo pamoja na mkopo wa nyumba. Kuvunja laini hakusaidii, kwa sababu unatambulika kwa namba ya NIDA.

Kwa huku kwetu kusini, chanzo cha madoa haya mara nyingi si ukaidi. Ni kalenda. Korosho inauzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani (mkulima anaweka mzigo ghalani na kupewa risiti) kuanzia karibu Oktoba, fedha inaingia akaunti ya mkulima kupitia AMCOS yake, yaani chama cha msingi cha ushirika, iwe chini ya chama kikuu cha MAMCU, TANECU au kingine, kisha ikifika Machi mfuko umekauka. Mkopo aliosaini unadai rejesho kila mwezi. Aprili anachelewa, Mei anachelewa, Juni anakimbilia kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali, ili kuziba, au anauza korosho ikiwa bado mtini kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya chini. Zikipita siku 90 bila kulipa, mkopo unahesabiwa chechefu, yaani mkopo usiolipika. Mkulima huyo huyo angepewa ratiba ya kulipa kwa msimu, pengine angelipa bila kusukumwa. Kwa hiyo omba ratiba hiyo kabla ya kusaini. Afisa akikwambia haiwezekani, muulize kuhusu mikopo ya kilimo. Na ikibidi nenda taasisi nyingine, kwani mkopo wa kila mwezi kwa mtu wa kipato cha mara moja kwa mwaka ni mtego hata ukiwa na riba nafuu.

Ukishateleza, omba ripoti yako na uisome mstari kwa mstari. Deni ulilokwisha kulipa likionekana bado lipo, peleka risiti kwa aliyekukopesha na udai arekebishe kwa maandishi. Madeni madogo ya simu yamalize kwanza, maana yanaondoka haraka. Kubwa likikushinda, nenda mwenyewe ukaombe lipangwe upya kabla hujatafutwa. Ukimaliza, dai barua ya kumaliza deni na uitunze. Usiazime mahali pasipo na leseni ili kusafisha pengine: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali.

Baada ya hapo, hatua ya kadi ni ndogo. Uliza benki yako kama inatoa kadi ya mkopo inayodhaminiwa na amana yako mwenyewe. Kule Marekani hiyo ndiyo njia ya kawaida ya mtu anayejenga upya jina: anaweka dhamana, mara nyingi kuanzia dola 200, ananunua vitu vidogo, analipa vyote kwa wakati. Alama za FICO za kule, zinazopima ulivyo mlipaji wa madeni, zinaanzia 300 hadi 850, kulipa kwa wakati kunabeba asilimia 35 ya hesabu, na taarifa mbaya nyingi hukaa miaka 7. Namba hizo ni za kwao, usije nazo kaunta ya Mtwara ukabishana. Tabia inayotakiwa lakini ni ile ile.

Kuna jambo ambalo video nyingi zinalipita. Maili zenyewe hazihitaji mkopo. Mipango ya maili ya mashirika ya ndege, kama Skywards ya Emirates na ShebaMiles ya Ethiopian, unajiunga bure, jina lako la mikopo liwe safi au liwe chafu, na tiketi unazolipa kwa hela yako zinakuhesabia. Kwa mfanyabiashara anayepitia Dubai au Addis Ababa kwenda China, safari chache zinaweza kumpa maili nyingi kuliko kadi ya kiwango kidogo kwa mwaka mzima. Chagua shirika moja ung'ang'anie hilo, angalia maili zake zinaisha lini, na ujiandikishe kwa jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Tiketi ikiwa na jina tofauti, maili zake zinaweza zisiingie.