Matone ya kuzibua pua si ya kutumia kila siku
Katika makundi ya WhatsApp kumekuwa kukizunguka ujumbe unaodai kwamba matone ya kuzibua pua, kwa kuwa hayamezwi, hayana madhara hata yakitumiwa kila siku. Si kweli. Oksimetazolini na zailometazolini, dawa zilizomo katika mengi ya matone hayo, hubana mishipa ya damu iliyovimba puani, na zikitumiwa mfululizo kupita siku chache, pua huweza kuziba tena zaidi kuliko awali. Mgonjwa hudhani mafua hayajaisha, akaongeza matone, na hapo ndipo wengi hupotoka. Kikaratasi kilichomo ndani ya boksi hutaja ukomo wa siku, pamoja na tahadhari kwa watoto wadogo na wenye shinikizo la damu. Kisome, au muulize mfamasia. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, hasa kwa wazazi wenye watoto wachanga.