Mama mwenye damu ya Rh hasi na mtoto aliye tumboni

Kwa nini damu ya mama isipatane na ya mwanawe mwenyewe?

Kwa sababu mtoto hurithi damu kwa wazazi wote wawili. Mbali na makundi ya A, B, AB na O, chembe nyekundu za watu wengi hubeba protini iitwayo Rh D. Aliye nayo huitwa Rh chanya. Asiye nayo ni Rh hasi, na kwenye kadi ya kliniki kundi lake hufuatwa na alama ya kutoa, kwa mfano O−. Ulaya watu wa namna hiyo ni takriban 15 katika kila 100. Kwetu ni wachache zaidi. Mama akiwa Rh hasi na baba Rh chanya, mtoto anaweza kuchukua ya baba.

Mbona mtoto wa kwanza huzaliwa salama?

Damu ya mtoto huingia kwa mama hasa wakati wa kujifungua, kondo la nyuma linapobanduka. Mwili wa mama huiona ngeni na kutengeneza kingamwili, yaani silaha za mwili za kushambulia kilicho kigeni, lakini mtoto huyo amekwisha kutoka. Mimba ifuatayo ikiwa ya mtoto wa Rh chanya, kingamwili hizo hupenya kwenye kondo na kuharibu chembe zake nyekundu, hata akaishiwa damu, akavimba mwili, au akafia tumboni.

Naomba hapa tusiharakishe. Mimba iliyoharibika, iliyotunga nje ya kizazi au iliyotolewa nayo huhesabiwa, kwani nayo inaweza kuuamsha mwili wa mama. Anayeulizwa kliniki, “Hii ni mimba ya ngapi?” naye akaiacha ile iliyotoka miezi mitatu, humnyima mkunga habari anayoihitaji kuliko zote.

Kinga yake ni ipi?

Ni sindano ya anti-D, ambayo huziondoa chembe za mtoto kabla mwili wa mama haujazitambua. Hutolewa karibu na wiki ya 28, kisha ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ni Rh chanya. Vilevile mimba inapoharibika, au mama anapopigwa au kuanguka na kuumia tumbo. Kingamwili zikishajitengeneza, sindano haizifuti, na mimba hiyo huhitaji uangalizi wa daktari bingwa. Kwa kuwa si kila kituo kina dawa hii, na bei yake huzielemea familia nyingi, ni vema kuulizia inakopatikana mapema, si siku ya uchungu. Hutengenezwa kwa damu ya wachangiaji: James Harrison wa Australia alichangia mara 1,173 hadi mwaka 2018.

Baba naye akiwa Rh hasi?

Mtoto atakuwa Rh hasi, na hatari hii haipo.

Je, mama wa kundi O mwenye mtoto wa A au B?

Kutopatana huko kwaweza kutokea hata kwa mtoto wa kwanza, ila mara nyingi ni kwepesi; dalili yake ni manjano. Mtazame mtoto kwenye mwanga wa mchana: bonyeza ncha ya pua kwa kidole, achia, uone rangi inayobaki; kwa ngozi nyeusi, angalia fizi na weupe wa macho. Manjano yanayoonekana kabla ya saa 24 kutimia yampeleke mtoto hospitali saa ileile, bila kungoja jua la asubuhi, kwa maana yakizidi huweza kuharibu ubongo, na huko kuna taa maalumu za tiba na, ikibidi, kubadilishwa damu.