AKM: dhana potofu kuhusu bunduki ambayo wengi huiita AK-47

Watu wengi wa Afrika Mashariki wakiona bunduki yenye magazini iliyopinda huiita AK-47 bila kusita, ilhali mara nyingi silaha hiyo ni AKM, toleo lililoboreshwa ambalo jeshi la Umoja wa Kisovyeti lilianza kulitumia mwaka 1959, au ni Type 56, bunduki ya Kichina ya ukoo huohuo. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu sehemu kubwa ya yanayosemwa kuhusu silaha hii hupotoka pale watu wasipojua ni kitu gani hasa kilichobadilishwa.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba mwili wa AKM, yaani kisanduku kinachobeba sehemu zinazotembea, ulitengenezwa kwa bati la chuma ili kupunguza ubora na kuokoa fedha. Ukweli ni kwamba bati ndilo lililokuwa lengo tangu mwanzo. AK ya kwanza (ndiyo AK-47), iliyopokewa jeshini mwaka 1949, ilitumia mwili wa bati lililokunjwa kwa mashine, lakini viwanda vya wakati huo havikuimudu kazi hiyo, na miili mingi ilikataliwa kwa kasoro. Kiwanda cha Izhevsk, nchini Urusi, kikalazimika kuchonga mwili kutoka kipande kizima cha chuma, njia iliyopoteza chuma kingi na saa nyingi za kazi. Ilichukua takriban miaka kumi kufikia bati la milimita 1 lililofungwa kwa ribiti na lenye uimara wa kutosha vitani. Uzito wa bunduki bila magazini ukashuka kutoka karibu kilo 3.5 hadi karibu kilo 3.1, na kwa askari anayetembea kutwa nzima hilo si jambo dogo. Mimi nahesabu bati hilo kuwa mafanikio makubwa kuliko yote ya mradi huo.

Wapo pia wanaoamini kwamba bunduki hii haihitaji kusafishwa kamwe. Ni kweli kwamba nafasi iliyoachwa kati ya sehemu zinazotembea huipa uvumilivu wa vumbi na masizi, na kwamba ndani ya mtutu mna kromu inayozuia kutu. Hata hivyo walioiunda hawakuamini hadithi hiyo: waliweka fimbo ya kusafishia chini ya mtutu, na ndani ya kitako wakaacha tundu la kuhifadhia vifaa vya usafi.

Kuhusu shabaha, watu hukosea kwa pande zote mbili. Wengine husoma alama ya mita 1,000 kwenye kilengeo, ambayo katika AK ya awali iliishia 800, wakadhani askari anaweza kumlenga mtu mmoja umbali huo. Risasi ya milimita 7.62 hutoka kwa kasi ya mita 715 hivi kwa sekunde na huanza kushuka sana baada ya mita 300, kwa hiyo umbali wa manufaa hauzidi sana mita 400. Wengine husema haina shabaha kabisa, jambo lisilo kweli anapofyatua risasi mojamoja mtu aliyefunzwa. Tatizo liko kwenye ufyatuaji mfululizo, ambapo mdomo wa mtutu hupanda juu na kuelekea kulia. Ndiyo maana AKM ilikuja kuwekewa kipande kilichokatwa mshazari mdomoni mwa mtutu, ambacho huelekeza gesi ili iusukume mtutu chini na kushoto. Kipande hicho hupunguza mtikisiko tu, hakiuondoi.

Risasi 600 kwa dakika nazo hutajwa kana kwamba askari huzifyatua zote. Hiyo ni kasi ya mashine yenyewe. Magazini ya risasi 30 huisha kwa sekunde 3, na kwa vitendo kasi huwa karibu risasi 100 kwa dakika akifyatua mfululizo, au 40 akifyatua mojamoja.

Mwisho kuna madai kwamba Mikhail Kalashnikov, mbunifu wa AK, alinakili StG 44, bunduki ya Kijerumani ya Vita Kuu ya Pili. Umbo la nje linafanana, na wazo la risasi ya ukubwa wa kati lilitumika Ujerumani kabla ya Umoja wa Kisovyeti, lakini komeo la StG 44 (kipande kinachoziba nyuma ya mtutu wakati wa kufyatua) hufunga kwa kuinama, wakati la AK na AKM hufunga kwa kuzunguka.