Adhabu za NHL: nani hufungiwa mechi, na kwa nini?

Kila msimu wa NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, hufika usiku ambao mchezaji anakumbwa vibaya na kubaki amelala juu ya barafu, na papo hapo mashabiki wanaanza kurushiana maneno. Wenu kapewa mechi mbili, wetu kapewa kumi, haki iko wapi? Malalamiko hayo mara nyingi yana msingi, ila yanaelekezwa pasipo. Kasoro kubwa ninayoiona mimi si upendeleo wa timu wala wa jina. Ni kwamba ligi inaangalia mno yaliyompata aliyepigwa, kuliko alichokifanya aliyepiga. Tuzipime kauli sita za mashabiki, moja baada ya nyingine.

"Refa asipopiga filimbi, hakuna kosa."

Refa anashughulika na mechi iliyo mbele yake tu: anamtoa mchezaji kwa dakika 2 au 5, au anamfukuza kabisa. Kumfungia mechi zijazo ni kazi ya Idara ya Usalama wa Wachezaji, iliyoanzishwa 2011 chini ya Brendan Shanahan. Mwaka 2017 ikakabidhiwa George Parros. Wote wawili waliwahi kucheza ligi hiyo. Aprili 2012, Raffi Torres wa Phoenix alimrukia Marian Hossa wa Chicago, Hossa akatolewa kwa machela, na Torres hakupewa adhabu yoyote uwanjani. Siku chache baadaye idara ikamfungia mechi 25.

"Kumpiga mtu kichwani ni marufuku."

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kanuni ya 48 ya NHL haikatazi kila kishindo kinachofika kichwani. Inakataza kumkumba mtu pale kichwa kinapokuwa ndicho kilichopokea pigo kuu, na pigo hilo lilikuwa linaepukika. Ukimkumba mwenzako kifuani kwa bega, kichwa chake kikaguswa katika kishindo hicho hicho, unaweza kuwa huna kosa. Idara huangalia pia kama aliyepigwa aliinama au kugeuka dakika ya mwisho.

Na hata kanuni hiyo ni changa. Tarehe 7 Machi 2010, Matt Cooke wa Pittsburgh alimpiga kichwani Marc Savard wa Boston kutokea upande ambao Savard hakuuona. Savard alipata mtikisiko wa ubongo. Cooke hakufungiwa hata mechi moja, kwa sababu hakukuwa na kanuni aliyovunja. Kabla mwezi haujaisha ligi ikapitisha kanuni mpya, lakini ilihusu tu mapigo ya ubavuni na ya kuvizia. Mwaka uliofuata ndipo ikapanuliwa. Savard alirudi uwanjani, akaumia tena kichwa Januari 2011, na hakucheza NHL tena. Shirikisho la kimataifa, IIHF, ambalo Kenya ilijiunga nalo 2024, lina msimamo mkali zaidi: kumkumba mtu kichwani au shingoni ni kosa. Mimi niko upande huo. Ubongo haujui kama bega lilianzia kifuani.

"Mtu akiumia vibaya, lazima aliyempiga aadhibiwe."

Tarehe 8 Machi 2011, mjini Montreal, Zdeno Chara wa Boston alimsukuma Max Pacioretty kwenye ukuta wa uwanja, mahali vioo vya kinga vinapoanzia kando ya mabenchi. Kichwa cha Pacioretty kikagonga nguzo ya kioo. Alivunjika pingili ya shingo na kupata mtikisiko wa ubongo. Chara alifukuzwa mechi ile, basi, hakufungiwa. Shirika la ndege la Air Canada likatishia kuondoa udhamini wake, polisi wa Montreal wakachunguza, na mwishowe hakufunguliwa mashtaka. Ligi iliona kuwa msukumo ule, mahali pengine popote uwanjani, ungeishia dakika chache nje. Msimu uliofuata vioo vilivyopinda vikawekwa kwenye kona hizo, nami naamini hatua hiyo ilikuwa na maana kuliko kumfungia Chara mechi tano.

Lakini ligi haifuati mantiki hiyo kila mara. Kosa likishathibitishwa, jeraha huingia kwenye hesabu ya idadi ya mechi.

"Mastaa wanalindwa."

Mfano unaotajwa sana ni wa Aprili ile ile ya 2012. Shea Weber, nahodha wa Nashville, alikishika kichwa cha Henrik Zetterberg wa Detroit na kukibamiza kwenye kioo mechi ikimalizika. Alipigwa faini ya dola 2,500. Siku kumi baadaye Torres akapewa mechi 25.

Torres alikuwa na rekodi mbaya, na rekodi huongeza adhabu kwa mujibu wa utaratibu. Hilo ni sawa kabisa. Mwaka 2015 alifungiwa mechi 41, nusu ya msimu, na hakurudi NHL. Ila soma sababu aliyoitoa Shanahan kuhusu Weber: klabu ya Detroit ilisema Zetterberg hakuonekana kuumia na angecheza mechi inayofuata. Kwa hiyo kichwa kilekile, kioo kilekile, laiti Zetterberg angeamka na kizunguzungu, Weber angekuwa na kesi nyingine. Sioni umaarufu hapo. Naona bahati ikipewa kiti cha hakimu.

"Faini ndogo ni dharau ya viongozi."

Kiwango cha juu cha faini kimo kwenye mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji. Mei 2021 Tom Wilson wa Washington alimpiga Pavel Buchnevich wa New York Rangers akiwa chini, na faini ikawa dola 5,000, upeo uliokubalika wakati huo. Rangers walitoa taarifa wakidai Parros hafai kazi yake. Klabu ikapigwa faini ya dola 250,000, kwani upeo wa mchezaji hauihusu klabu. Idara ingeweza kumfungia Wilson mechi, na kwa hilo lawama ni halali. Kwa udogo wa faini, wachezaji wenyewe pia wana mkono.

"Rufaa haisaidii kitu."

Inategemea. Adhabu ya mechi sita au zaidi inaweza kupita kwa kamishna wa ligi, Gary Bettman, na kufika kwa msuluhishi huru. Nazem Kadri wa Colorado alikata rufaa 2021 na mechi zake nane zikabaki nane. Wilson alipewa mechi 20 mwaka 2018, Bettman akazithibitisha, kisha msuluhishi akazishusha hadi 14. Uamuzi ulipotoka Wilson alikuwa ameshakaa nje mechi 16. Mkataba ungeweka siku za mwisho za kutoa hukumu, mchezaji asingetumikia adhabu ambayo baadaye inafutwa.