Gazeti la siku Mandela alipofunguliwa: jinsi ya kusoma juma la 11 hadi 17 Februari 1990

Wasomaji wengi wanaofika kwenye chumba chetu cha magazeti ya zamani huomba kitu kimoja: gazeti la siku Mandela alipotoka gerezani. Tarehe wanaijua, 11 Februari 1990, basi wanataka toleo la tarehe hiyo. Tunawapa. Wanalifunua kurasa zote, kisha wanalirudisha mezani wakidhani tumewapa silo, maana ile picha ya mzee mwenye mvi akitembea mkono kwa mkono na Winnie, ngumi juu, haimo.

Haiwezi kuwamo. Gazeti la Jumapili huchapwa Jumamosi usiku. Rais F. W. de Klerk wa Afrika Kusini alitangaza Jumamosi, tarehe 10, kwamba Mandela angeachiwa kesho yake, kwa hiyo toleo la Jumapili lililoiwahi habari hiyo lingeweza kuandika "ataachiwa" na si zaidi. Mandela mwenyewe alipita lango la gereza la Victor Verster, karibu na Paarl, yapata saa 10 na robo alasiri kwa saa za kule, huku kwetu Afrika Mashariki ikiwa saa 11 na robo jioni. Picha iko kwenye gazeti la Jumatatu.

Ndiyo maana anayeanza kazi kwetu humwambia msomaji aangalie kitenzi kwanza, kichwa cha habari baadaye. "Ataachiwa", "ameachiwa" na "aliachiwa" ni magazeti matatu tofauti. Juma hilo la Februari ndilo tunalolitumia kufundishia, kwa sababu karibu kila habari yake ilibadilisha kitenzi njiani.

Chukua ndondi. Alfajiri ya Jumapili hiyo hiyo, saa zetu, James "Buster" Douglas alimwangusha Mike Tyson raundi ya 10 mjini Tokyo. Huko Japani ilikuwa mchana wa tarehe 11, lakini Marekani bado ilikuwa Jumamosi usiku, tarehe 10. Pambano lilipangwa mchana ili Wamarekani walitazame jioni yao. Pambano moja, tarehe mbili, na zote sahihi. Halafu vurugu zikaanza. Kambi ya Tyson ililalamika kwamba Douglas naye alipoanguka raundi ya 8 mwamuzi alihesabu polepole, na mashirika mawili kati ya matatu makubwa ya ndondi yakasita kumtambua bingwa mpya. Siku chache baadaye yakalegeza. Mwenye gazeti moja tu mkononi anaweza kuapa kwamba Douglas alinyimwa mkanda.

Jumanne tarehe 13 mawaziri wa mambo ya nje walikuwa Ottawa, Kanada, kwa mkutano kuhusu ndege za nchi moja kuruka na kupiga picha katika anga ya nyingine. Mazungumzo ya pembeni ndiyo yaliyozaa habari: Ujerumani mbili zikae na Marekani, Urusi ya Kisovieti, Uingereza na Ufaransa kujadili kuungana. Ziliungana 3 Oktoba mwaka huo huo. Anayetafuta habari hiyo kwa neno "Ujerumani" pekee huipita, maana mkutano wenyewe uliitwa wa anga.

Siku hiyo hiyo ya Jumanne, Kenya, waziri wa mambo ya nje Robert Ouko hakuonekana nyumbani kwake Koru. Wazee wa Arusha walimkumbuka tangu enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, alikokuwa waziri. Hapa msomaji anahitaji subira kuliko mahali pengine pote. Kwanza ni "ametoweka". Ijumaa tarehe 16 ni "amepatikana", mwili ukiwa umeungua karibu na kilima cha Got Alila, si mbali na kwake. Mapema palisemwa kuwa alijiua. Wapelelezi wa Scotland Yard, polisi wa London, walioitwa na serikali wakasema aliuawa. Uchunguzi ukaeleza pia kwamba kijana mchunga mifugo alikuwa ameuona mwili tangu Jumanne, yaani siku tatu kabla ya "kupatikana". Kitenzi hicho kimoja, kupatikana, kimezua maswali mengi kuliko kurasa zote zilizokizunguka. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Ijumaa hiyo pia Sam Nujoma alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa Namibia, nchi ambayo ingepata uhuru wiki tano baadaye, 21 Machi. Rais wa nchi ambayo bado haijawa nchi: wahariri walihangaika na kitenzi hapo pia.

Na kuna habari moja ya juma hilo ambayo huwezi kuiona kwenye jalada la Februari, hata ukilipekua ukurasa kwa ukurasa. Jumatano tarehe 14, kwa ombi la mwanasayansi Carl Sagan, chombo cha angani cha Voyager 1 kiligeuza kamera zake nyuma na kuipiga picha Dunia kutoka umbali wa kilomita bilioni 6 hivi. Dunia ilitoka kama kidoa, chini ya nukta moja ya picha. Takwimu za picha hizo zilihifadhiwa kwenye utepe wa chombo na kufika duniani kati ya Machi na Mei. Anayeiulizia picha ya tarehe 14 tunamwondolea jalada la Februari mezani na kumletea yale ya miezi iliyofuata.