Nani alilikuza kanisa la kijijini?

Wanafunzi wangu wengi ni wainjilisti kutoka mitaa ya mbali, yaani makanisa madogo ya vijijini, na karibu wote huingia darasani na picha moja kichwani: mzungu mwenye ndevu na kofia ya jua, ameshuka melini, amehubiri, kanisa likaota. Nafundisha historia ya kanisa, kwa hiyo kazi yangu ya muhula wa kwanza ni kuivuruga picha hiyo. Haina uongo mtupu ndani yake, ila imekatwa vibaya. Walioachwa nje ya fremu, waliobeba mizigo, waliotafsiri mahubiri, waliobaki na watu mzungu alipokwenda likizo au kufa kwa homa, hao ndio waliofanya ukuaji uonekane. Anayebisha namwambia aache hotuba za jubilei kwa muda, aangalie miaka ambayo wamisionari hawakuwepo.

Tuanzie pwani. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakafungua kituo Rabai, karibu na Mombasa. Krapf aliondoka 1853. Rebmann akabaki mpaka 1875, akaondoka akiwa haoni. Hawakuwa wavivu hata kidogo: Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mwaka uleule aliofika, na kazi yao ya lugha bado tunaitumia. Lakini baada ya karibu miaka thelathini, waongofu wa Rabai ungewahesabu kwa vidole. Mmoja wa wale wa mwanzo kabisa, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu na kufa.

Mambo yalibadilika walipoingia watu wengine. Kutoka India walikuja Waafrika waliookolewa utumwani na kusomeshwa huko katika mji wa Nasik, akina William Jones, Ishmael Semler na George David. Kutoka bara walikuwepo Wagiriama kama Abe Ngoa, aliyejifunza imani akaipeleka kwao. Makazi ya Fuladoyo yakakua mbali na kituo, na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani wakakimbilia huko. Mwaka 1883 Fuladoyo ilishambuliwa, na kiongozi wao David Koi akauawa kwa kukatwa kichwa. Rabai nayo ilijaa watoro, hata tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 walikabidhiwa hati za uhuru baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Kwa mtoro, kanisa lilikuwa mahali pa kulala bila kuwindwa, pamoja na jina jipya na jirani wa kumtetea. Najua wapo wanaoona aibu kusema kwamba watu waliingia kanisani kwa sababu za namna hiyo. Mimi sioni aibu yoyote. Mtu anayekimbia minyororo ana sababu ya kutosha ya kusikiliza habari njema.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, uko mbali na bahari, katika mpaka wa Uganda na Kongo. Apolo Kivebulaya alikuwa Mganda, askari wa zamani, aliyebatizwa 1895 na mwaka uliofuata akapelekwa Mboga, ng'ambo ya mto Semliki. Walimu wawili wa Kiganda walikuwa wamemtangulia, na kilichowashinda ni njaa. Chifu Tabaro aliwanyima chakula, nao kwa desturi za kwao waliona kulima ni kazi ya wanawake. Apolo alipofika akakuta chifu ni yuleyule na katazo ni lilelile. Akachukua jembe, akalima shamba lake mwenyewe.

Hapo ndipo darasa langu huamka, kwa sababu kila mwinjilisti aliyepo anajua maana ya kupangiwa kijiji ambacho hakuna anayekusubiri. Apolo alichapwa, nyumba yake ikachomwa. Kisha dada wa chifu akafa kwa kuangukia mkuki, Apolo akasingiziwa kifo hicho na kupelekwa Toro, upande wa Uganda, kufungwa. Alipoachiwa angeweza kurudi Buganda na hakuna ambaye angemlaumu. Akarudi Mboga. Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa. Apolo alipewa upadre 1903, na miaka ya baadaye akaingia msituni kwa Wambuti, wawindaji wa msituni ambao majirani zao walikuwa hawawahesabu kama watu wa kufundishwa lolote. Alifariki Mei 1933, baada ya kuagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume na desturi. Kanisa la Anglikana la Kongo linajihesabia mwanzo wake hapo Mboga.

Wako watakaosema huyo alikuwa mtakatifu, na watakatifu hawatengenezi kanuni. Basi tazama Buhaya, nchi ya Wahaya upande wa Bukoba, ambako ilikuwa habari ya watu wengi wa kawaida. Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walifika Kashozi mwaka 1892. Waprotestanti wa Kihaya walianza bila mmisionari: walivuka kwenda Buganda, wakajifunza kusoma, wakarudi na vitabu na kusomeana. Ernst Johanssen wa misheni ya Betheli ya Ujerumani alipohamia huko 1910, alikuta kikundi kinachosali tayari. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowaondoa Wajerumani, wale waumini wakabaki peke yao chini ya uongozi wa Andereya Kajerero. Kwa muda wakasaidiwa na Waanglikana wa Uganda, miaka ya 1920 wakaja Wamethodisti kutoka Afrika Kusini, nao wakaondoka. Waliosimama pale pale wakati wageni wakipokezana ni Kajerero na wenzake. Kutoka kanisa hilohilo alitokea Josiah Kibira, askofu aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, mwaka 1977.

Kilimanjaro ilikuwa vivyo hivyo. Wamisionari wa Leipzig, Walutheri kutoka Ujerumani waliokuwepo tangu 1893, walifukuzwa na Waingereza 1920. Kanisa la Kilutheri la Augustana la Marekani likatuma watu wachache, lakini huwezi kuhudumia miteremko yote ile kwa watu wachache. Walimu wa shule za misheni ndio waliofundisha wabatizwa, wakazika, wakasuluhisha ugomvi wa mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo. Wajerumani walipoanza kurudi kuanzia 1925 walikuta kanisa kubwa kuliko waliloliacha. Mmoja wao, Bruno Gutmann, ambaye vitabu vyake kuhusu mila za Wachaga vinasifiwa mpaka leo, alisisitiza kwamba ukoo, ujirani na rika visivunjwe ndani ya kanisa. Alikuwa na jicho kali, ila wakati mwingine aliwapenda Wachaga wa jana kuliko wa leo yake. Wachungaji wa kwanza wazawa katika eneo la Leipzig walibarikiwa 1934. Kama walimu wale waliweza kulibeba kanisa peke yao mwaka 1920, kwa nini wasubirishwe miaka kumi na minne? Swali hilo huwa nalitupa darasani na kuondoka nje kidogo. Nikirudi, sauti zimepanda.

Sasa tuje leo, maana watu hudhani hiyo ni historia iliyokwisha. Katika KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kanisa la kijijini hukua hivi: familia mbili au tatu zinaanza kusali nyumbani kwa mmoja wao kwa sababu usharika uko mbali. Wakiongezeka wanakuwa mahali pa kuhubiri, mara nyingi chini ya mwembe au kwenye darasa la shule ya msingi. Wakiweza kujisimamia kidogo wanapewa hadhi ya mtaa na kuletewa mwinjilisti. Mtaa ukikomaa, kwa maana ya watu na sadaka, unaombewa kuwa usharika wenye mchungaji wake. Wakatoliki wana ngazi zao, jumuiya, kigango na parokia, na katekista anayeongoza ibada ya Neno Jumapili ambayo padre hayupo, jambo ambalo kwa vigango vya mbali ndiyo kawaida. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua miaka ya 1970 kwamba Jumuiya Ndogondogo ziwe msingi wa uchungaji, walikuwa wanalipa jina rasmi jambo ambalo vijijini lilikuwa linaishi.

Mwinjilisti wa mtaa hupokea posho, na posho hiyo hutegemea mtaa ulichokusanya. Ndiyo maana napenda kuwapeleka wageni kwenye mnada. Ibada ikiisha watu hutoka kwa wimbo na kusimama duara nje ya mlango. Vilivyotolewa madhabahuni vinapangwa chini: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, mayai kwenye kapu, jogoo aliyefungwa miguu, mara mojamoja mbuzi. Dalali ni mzee wa kanisa yeyote mwenye mdomo na asiye na haya. Yai moja linaweza kuuzwa mara nne, kwa sababu anayelinunua anasema "nalirudisha," linapigiwa bei tena, na mwishowe linaishia mkononi mwa bibi yuleyule aliyelitoa, zawadi kutoka kwa mnunuzi wa mwisho. Mtunza hazina anaandika kwenye daftari. Bibi hakuwa na hata shilingi mia, lakini yai lake limeingiza fedha kuliko noti ya mwalimu mkuu, na kila aliyesimama pale ameliona hilo.

Wafadhili wakiona mnada huo hucheka na kupiga picha, halafu wanauliza kanisa linahitaji mabati mangapi. Hapa ndipo tunagombana. Sikatai mabati, mvua hainyeshi kwa kufuata madhehebu. Nakataa mabati yanayokuja kabla ya ukuta. Mtaa uliofyatua matofali yake, ukachoma tanuru, ukapandisha ukuta mpaka kwenye lenta, ukipata msaada wa bati unamalizia kazi yake. Mtaa uliojengewa kila kitu huanza kusema "kanisa lao," na sadaka inashuka. Nimeona majengo mazuri yenye kibao cha wafadhili mlangoni na popo darini, huku waumini waliohesabiwa kwenye ripoti wakiwa wamerudi kusali chini ya mti kwa mwinjilisti mwingine.

Mikutano ya injili nayo ina hesabu zake. Jenereta, spika kubwa, siku tano uwanjani, mamia wananyoosha mikono. Siwadharau, wapo watu wazima katika imani leo walioanzia uwanjani. Lakini Jumatatu jenereta linapopakiwa kwenye lori, aliyenyoosha mkono anabaki na mke wa pili, deni la mbegu, na mtoto anayeanguka kifafa ambaye jamaa wanataka apelekwe kwa mganga. Nani atakaa naye? Kama kuna mwinjilisti na wazee wawili wa kanisa wenye nafasi, hesabu ya uwanjani inapata maana. Kama hakuna, ile ripoti iliyopelekwa ng'ambo inabaki karatasi.

Na wazee hao wa kanisa, vijiji vingi, ni akina mama. Umasaini wanawake walitangulia kanisani kwa miaka mingi huku wanaume wakilitazama kama jambo la wake na watoto. Wamisionari waliokuwa wanawalenga wazee na morani walihuzunika, wakadhani wameshindwa. Ukweli ni kwamba walikuwa wanahesabu watu wasiokuja na kuwapita waliokuja.

Kuna ukuaji mmoja unaonipa wasiwasi, nao ni wa kuhama. Wafugaji wa Kisukuma walioteremka Rukwa na Kilombero, Wachaga walioshuka tambarare na kusambaa nchi nzima kwa biashara, wote walikwenda na kanisa lao. Ukisoma ripoti unaona mitaa mipya na kushangilia. Ukifika unakuta kwaya, wazee wa kanisa na mtunza hazina ni watu wa kabila moja, tena wageni, na wenyeji wa kijiji wakipita barabarani wanasema lile ni kanisa la Wachaga. Hawasemi kwa ubaya. Wanasema wanachokiona.

Mitaa iliyovuka hapo ninayoifahamu ilifanya mambo ya kawaida sana. Ilimpeleka kijana mwenyeji chuo cha uinjilisti mapema, hata kama Kiswahili chake cha kanisani kilikuwa bado kinayumba. Iliacha kuimba nyimbo za lugha ya nyumbani kwenye ibada kuu, ikazipeleka kwenye jumuiya. Ilikwenda kwenye misiba ya wenyeji wasio washarika, ikachimba kaburi, ikapika, ikakaa matanga bila kuhubiri. Mmoja wa wanafunzi wangu wa sasa anatoka mtaa kama huo. Yeye ndiye mwenyeji wa kwanza kupelekwa, ana shamba la mpunga linalomsubiri nyumbani, na msimu wa kupandikiza huwa ananiomba ruhusa. Nampa.