Sanduku likionekana limechakaa sio lazima liwe la kale

Kwenye biashara ya kupamba nyumba kwa kuchanganya vitu vya kale na vipya, wengi wanaamini sanduku la njumu za shaba, yaani lililopambwa kwa misumari na vipande vya shaba, likiwa jeusi na limechubuka basi ni la enzi za masultani. Inaeleweka, muonekano unashawishi kweli. Ila mafundi wa Zanzibar na Lamu bado wanayatengeneza mpaka leo, na kulizeesha sio kazi, rangi kidogo na msasa tu. Na mengine ya kale kweli yalitoka India, kwahiyo hata lile la "asili ya Zanzibar" uliza vizuri.

Kabla hujamuuzia mteja lifungue, angalia chini na nyuma ya droo maana huko wengi hawahangaiki kupazeesha, ukikuta plaiwudi au skrubu za nyota (zenye alama ya msalaba kichwani) ambazo zimeanza miaka ya 1930 basi ama ni jipya ama limefanyiwa ripea. Uchakavu wa kweli unakaa panaposhikwa, sio kila kona sawasawa. Harufu ya vanishi mbichi nayo inasema.

Jipya sio baya jamani, mengine yamechongwa vizuri kuliko ya zamani, liandike tu jipya kwenye risiti na bei iwe ya jipya.